Msiyauze kwa kilo mabamba ya chapa

Mhariri,

Duka la uchapaji likifungwa pale River Road, mabamba ya kale hupimwa kwa kilo na kwenda skrepu. Tunawaomba wenye nayo wayageuze kwanza. Uso ukiwa mwekundu na mgongo wa kijivu, hiyo si shaba tupu. Ni nakala iliyooteshwa kwa umeme, ufundi wa Moritz von Jacobi wa mwaka 1838 kule St. Petersburg. Ngozi ya shaba ina unene wa milimita 0.2 hivi, kwa bamba la sentimita 10 kwa 15, ni gramu 27 tu. Zilizobaki ni risasi yenye bati na antimoni, na kuiyeyusha kwenye jiko la makaa nyumbani ni kuwapa watoto sumu.

Bamba lililochakaa lisirudishwe mashineni, linakiliwe. Lipake unga wa grafiti, kisha ulikandamize kwenye nta yenye uvuguvugu. Asubuhi za Julai hapa Nairobi nta huwa ngumu na kupasuka, kwa hivyo ipashwe. Brashi ya grafiti ipite ndani ya kila tundu la herufi: pasipo na grafiti hapapiti umeme, na shaba itatoka na vitobo. Kabla ya kuzamisha, mwagia spiriti ili viputo vya hewa vitoke.

Kiowevu cha kuzamishia nta ni kilo 2 za mrututu (chumvi ya buluu ya shaba), maji lita 9 na asidi ya betri lita 1. Asidi ndiyo humiminwa majini, kamwe si maji kwenye asidi. Mrututu wa duka la mbolea na dawa za mimea huwa na taka. Uchuje kwa kitambaa, la sivyo uso utaota chunusi. Nta ifungwe upande wa hasi, kipande cha shaba safi upande wa chanya, na umeme uwe wa DC, yaani wa upande mmoja kama wa betri, volti 1 au 2. Kwa bamba hilo tulilotaja, ampea 4.5 kwa muda wa saa tano zinatosha, huku kiowevu kikikorogwa.

Hapa ndipo wengi huharibu. Wanaongeza ampea ili wamalize mapema, na shaba inatoka ya kahawia, yenye unga kama masira ya kahawa, ikivunjika ukiigusa. Hakuna dawa ya kuiokoa, lazima uanze upya.

Ngozi ikiiva, mwagia maji moto nyuma ya nta, itaachana. Mgongo hupakwa lehemu kisha humiminiwa risasi, nje penye upepo. Risasi ikiwa moto mno, ngozi hujikunja. Hatimaye bamba hukwanguliwa na kupigiliwa kwenye ubao hadi lifikie kimo cha herufi, milimita 23.3.

Lile la kale lipanguswe wino, lipakwe mafuta mepesi na kufungwa kwa karatasi, nyuso mbili zisigusane.

Wachapaji wa herufi za risasi,
Nairobi