Wanaokwenda Venice walale huko, wasipite tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu makala iliyotoka hivi karibuni katika ukurasa wa safari, ambayo iliwashauri wanandoa wenye likizo fupi barani Ulaya waitembelee Venice, mji wa Italia uliojengwa juu ya visiwa, kwa ziara ya kutwa, wakifika asubuhi na kuondoka jioni ili kukwepa gharama ya hoteli. Mimi na mume wangu tunaishi Munich, kusini mwa Ujerumani, ambako ziara za namna hiyo huuzwa kwa bei ya kutupa: abiria husafiri usiku kucha kwa basi, hushinda Venice na kurudi usiku unaofuata. Sisi tuliamua kulala, na kwa tuliyoyaona naamini ushauri ule unamnyima msafiri kile hasa anachokifuata na pia unauelemea mji wenyewe.

Mgeni wa kutwa hufika wakati mmoja na maelfu ya wenzake, na wote hushika njia ile ile, kutoka stesheni ya Santa Lucia au kituo cha mabasi cha Piazzale Roma hadi daraja la Rialto, lililokamilika mwaka 1591, na kutoka hapo hadi uwanja wa San Marco. Kufikia saa sita mchana vichochoro vimejaa kiasi kwamba mtu hatembei bali anasukumwa. Atapanga foleni ndefu kuingia kanisani, atanunua chakula cha bei ghali kisicho na ladha, kisha itambidi akimbilie basi lake akiwa na picha za migongo ya watu.

Halmashauri ya mji imejaribu kupunguza msongamano huo kwa kuwatoza wageni wa kutwa kiingilio, kilichoanza tarehe 25 Aprili 2024 kwa euro 5. Mwaka 2025 kilitozwa kwa siku 54, hasa za mwisho wa wiki, na aliyechelewa kukilipia alidaiwa euro 10. Kwa maoni yangu fedha hiyo ni ndogo mno kumrudisha mtu aliyekwisha kupanda basi. Anayelala katika hoteli iliyo ndani ya mipaka ya halmashauri, hata ile ya Mestre upande wa bara, hatozwi kiingilio, ila hulipa kodi ya malazi, na katika siku za kiingilio hutakiwa kujiandikisha kwenye mtandao ili apate msimbo wa kuwaonyesha wakaguzi. Haya makala yenu hayakuyagusa kabisa.

Faida ya kulala huonekana jioni, makundi yanapoondoka. Uwanja wa San Marco, ambao mchana hauna pa kuweka mguu, hubaki na watu wachache, na mtu anaweza kusimama kwa utulivu kuutazama mnara wa kengele, ulioporomoka mwaka 1902 na kujengwa upya kwa umbo lile lile ukakamilika mwaka 1912. Alfajiri ndipo mji unapofanya kazi zake. Kwa kuwa hakuna magari, kila kitu, kuanzia maji ya kunywa hadi shuka za hoteli, huletwa kwa boti na kusambazwa kwa mikokoteni iliyofungwa magurudumu madogo mbele ili ipande ngazi za madaraja, na wanaoisukuma hupaza sauti ya kuomba njia kama mahamali wa Lamu wanavyopiga “simile!” Tulisimama darajani tukimtazama mmoja wao akiinua mzigo wake ngazi baada ya ngazi, na mume wangu, ambaye hushangilia kila aina ya kazi ya mikono, aligoma kuondoka hadi mkokoteni ulipofika upande wa pili.

Wapo watakaonijibu kwamba vyumba vya wageni ndivyo vinavyowafukuza wenyeji. Hoja hiyo ina uzito, maana mji wa kale ulikuwa na wakazi wapatao 175,000 mwaka 1951, na mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000, huku nyumba nyingi zikigeuzwa kuwa za kukodisha kwa watalii. Ndiyo maana sisi tulichagua hoteli ndogo inayoendeshwa na familia badala ya nyumba iliyotangazwa mtandaoni.

Kulala pia humpa mtu nafasi ya kuvuka hadi kisiwa cha Murano, ambako mafundi wa kioo walihamishiwa mwaka 1291 kwa hofu ya moto. Makumbusho ya kioo ya huko yatamgusa msomaji wa pwani yetu, kwani shanga za Venice ziliingia Zanzibar kwa shehena katika karne ya 19 na kubebwa na misafara ya bara.

Kuhusu gharama, kukodi gondola, ile boti nyembamba ya kasia, kwa nusu saa mchana ni euro 90 kwa bei rasmi, ambayo wengi hugawana, lakini kuvuka tu Mfereji Mkuu, unaoupitia mji katikati, kwa gondola ya abiria ni euro 2. Ningeomba makala zijazo ziweke bei kama hizi wazi, pamoja na siku za kiingilio ambazo halmashauri hutangaza kwa kila mwaka, ili wasomaji walinganishe kabla ya kukata tiketi.

Wako,
Msomaji, Munich, Ujerumani