Nyufa za Plasta na Kazi ya Majivu Katika Mota

Wateja wengi wanaotuonyesha ukuta uliojaa nyufa nyembamba kama utando wa buibui huamini kwamba fundi alipunja saruji. Mara nyingi tunakuta kinyume chake: saruji ilizidi, na maji yakazidi pamoja nayo. Kilo 100 za saruji huhitaji takriban lita 40 za maji ili ziive vizuri. Yanayoongezwa juu ya hapo ili mota, yaani mchanganyiko wa saruji, mchanga na maji, iwe laini mkononi hukauka baadaye, na mota husinyaa huku ikiwa imeshikamana na tofali lisilosinyaa nayo, hivyo hupasuka.

Kwa sababu hiyo, katika mota ya plasta huwa tunaondoa asilimia 15 hadi 30 ya saruji na kuweka majivu laini yanayonaswa kwenye moshi wa mitambo ya umeme inayochoma makaa ya mawe. Chembe zake nyingi ni za mviringo, kwa hiyo mota huteleza vizuri kwenye mwiko hata maji yakipunguzwa, na hapo ndipo kusinyaa kunapopungua. Baadaye majivu hayo huungana na chokaa inayozalishwa saruji inapoiva, yakaziba vitundu vidogo vya ndani. Fundi akiweka majivu lakini akamimina maji yaleyale ya zamani, faida kubwa imepotea.

Si kila masalia ya viwandani yanafaa kwa kazi hii. Vumbi la silika, ambalo chembe zake ni ndogo takriban mara 100 kuliko za saruji, huongeza sana nguvu, lakini mota yake hunywa maji yake ya ndani na hupasuka upesi ikiachwa juani. Sisi hatulipendekezi kwa plasta ya kawaida.

Majivu yana gharama yake, nayo ni subira. Mota hii hukomaa polepole, hivyo ukuta umwagiliwe maji kwa siku 7 au zaidi, na ukingwe dhidi ya jua na upepo. Mteja anayetaka kupaka rangi wiki ileile tunamshauri achague mchanganyiko mwingine.

Ufa wa mshazari unaoanzia kwenye pembe ya dirisha na kuendelea kupanuka ni jambo jingine kabisa. Huo hatuufuniki kwa plasta ya aina yoyote kabla ya msingi kukaguliwa.