Bibi zetu nao walindwe na sheria

Bwana Mhariri,

Mwanamke mzee anayeshukiwa uchawi huingia kwenye habari akiwa amekwisha kuuawa. Ndivyo ilivyokuwa Septemba 2021, wanawake wasiopungua 8 wa Kivu Kusini, mashariki mwa nchi yetu ya Kongo, walipochomwa moto au kupigwa na umati mpaka wakafa. Naomba nafasi niandike juu ya yale yanayotangulia, maana yanatendeka hapa hapa Bukavu na majirani tunayasikia.

Mimi ni muuguzi. Katika avenyu yetu, yaani mtaa wetu, kuna mama mzee, mjane, aliyesomesha watoto wake kwa kuuza makala (mkaa). Alianza kusahau. Usiku anatoka nje na kumwita marehemu mume wake. Akiulizwa, hajui amefikaje uani. Macho yake ni mekundu kwa moshi wa miaka yote hiyo. Sisi wauguzi dalili hizo tunazijua, ni maradhi ya uzeeni. Lakini mjukuu alipopatwa na homa isiyopona, familia ilikwenda kwenye chumba cha maombi ikarudi na jina la bibi. Tangu hapo chakula chake kinawekwa nje, kwenye sahani ya plastiki ambayo watoto wamekatazwa kuigusa. Analala kwenye kibanda cha jikoni. Simu wameichukua. Na haukupita muda, yakaanza maneno ya kuuza parsele, yaani kiwanja, ambayo hati yake imeandikwa jina lake yeye.

Nawaomba wasomaji waangalie sana hapo kwenye parsele. Sidai kwamba kila anayemwogopa mama yake anamezea mate kiwanja. Woga wa uchawi ni wa kweli, na mtoto akiugua mzazi hutafuta msaada popote. Lakini mzee akishaitwa mchawi, nani atamsikiliza akisema ananyang'anywa mali?

Sheria yetu imemwona mtoto vizuri. Katiba ya 2006, ibara ya 41, inakataza kumtuhumu mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009, ibara ya 160, inamtishia anayefanya hivyo kifungo cha mwaka 1 hadi 3. Je, bibi yake? Ibara ya 49 ya Katiba hiyo hiyo inawapa wazee na watu wenye ulemavu haki ya hatua maalumu za kuwalinda. Ni maneno mazuri, ila mama yule akitaka kushitaki tuhuma yenyewe, anabaki na kosa la jumla la kumharibia mtu jina, nalo linadai tuhuma iwe imetolewa hadharani. Kinachosemwa kwa sauti ya chini ndani ya chumba cha maombi atakithibitishaje? Umoja wa Afrika, katika itifaki yake ya haki za wazee ya Januari 2016, umekwisha kuzitaka nchi zikomeshe tuhuma za uchawi dhidi ya wazee. Wabunge wetu wamwandikie mtu mzima ulinzi ulio wazi kama ule walioutunga kwa mtoto, na adhabu imfikie pia yule anayetaja majina kwa kisingizio cha maono, awe mchungaji wa mjini au wale watabiri wanaoitwa bajakazi huko vijijini.

Mashefu wa avenyu, yaani viongozi wa mtaa, hawana haja ya kungoja Bunge. Jirani akileta habari, shefu aiandike, afike nyumbani, aombe kuzungumza na mzee peke yake. Amuulize analala wapi, anakula nini na nani, simu yake iko wapi, hati zake anazishika nani. Mnunuzi wa parsele akija kutafuta sahihi, shefu asimwage wino kabla hajamsikia mwenye mali kwa kinywa chake mwenyewe. Na familia ikikataa mzee asionwe, jambo hilo lipelekwe parke, yaani ofisi ya mwendesha mashitaka, siku ile ile.

Muuguzi,
Kadutu, Bukavu