Mapipa bilioni moja ni siku kumi tu

Mhariri,

Nawasoma miaka mingi sana na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja, ila ile habari yenu ya mapipa bilioni moja yaliyogunduliwa chini ya bahari imenishinda kunyamaza. Mmeandika "hazina kubwa" mkaishia hapo. Dunia inatumia mapipa kama milioni 100 kila siku, sasa gawanyeni wenyewe. Ni siku kumi! Tena hamkusema kama hiyo bilioni ni mafuta yote yaliyomo kwenye mwamba au ni yale yanayoweza kutoka, maana kwa kawaida ni kama theluthi moja hivi ndo hutoka, mengine yanabaki huko huko chini.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hiyo habari yenu niliwekewa mbele ya macho kama ushahidi. Tulikuwa tumekaa kifamilia, mazungumzo yakafika kwenye mafuta, nikasema kidogo tu kwamba mafuta rahisi kuchimba yanaelekea ukingoni, shemeji yangu akacheka akasema Shem acha kututisha, hayo ya kuisha tunayasikia tangu tuko shule ya msingi na mpaka leo magari yanatembea, halafu akafungua simu akaisoma habari yenu kwa sauti mbele ya kila mtu. Nikamwomba hiyo simu nikapiga hesabu palepale, bilioni moja gawanya kwa milioni 100, nikamwonyesha kumi. Akaiangalia, akanyamaza kidogo, nikajua sasa ameelewa, kumbe wapi, akasema kwani wao waliosomea hawajui mpaka ujue wewe? Dada yangu akaniomba tubadilishe mada. Nikanyamaza mimi mwenye hesabu, akaendelea kuongea yeye mwenye kichwa cha habari.

Watu wakisikia mafuta yanaisha wanawaza tenki, kwamba yapo au hayapo. Sivyo hata kidogo. Mafuta yako ndani ya vitundu vya mwamba na mgandamizo ndo unayasukuma juu, ukishuka inabidi uingize maji au gesi kuyasukuma, na mwisho unakuta kisima kinatoa maji mengi kuliko mafuta. Ni kama kukamua nguo iliyolowa, mkono wa kwanza maji yanamwagika, wa pili unapata matone, na nguo bado mbichi. Angalieni eneo la mafuta la Cantarell kule Mexico, mwaka 2004 lilikuwa linatoa zaidi ya mapipa milioni 2 kwa siku, kufika 2012 halikufikisha hata nusu milioni, na chini bado kuna mafuta! Uingereza nayo kilele chake Bahari ya Kaskazini kilikuwa 1999, sasa hivi haitoi hata theluthi ya kile ilichokuwa inatoa. Na dunia nzima miaka ambayo ugunduzi ulikuwa mkubwa kuliko yote ni ile ya 1960, toka hapo tunakula tulichokikuta zamani.

Najua mtanitajia Marekani, kila mtu ananitajia Marekani. Ni kweli, yule mwanajiolojia wao Hubbert alisema 1956 kwamba uzalishaji wao utafika kilele kati ya 1965 na 1970, ukafika 1970 kweli, ukashuka miaka mingi, halafu ukapanda tena mpaka ukaipita ile rekodi. Sikatai. Ila umepandishwa na mafuta ya kupasua mwamba kwa maji, mchanga na kemikali, na visima vya namna hiyo vingi hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake mwaka wa kwanza tu, kwa hiyo lazima uchimbe vingine na vingine ili ubaki pale pale ulipo. Mtu anayekamua kwa nguvu hivyo hana mafuta ya kumwaga. Mbona hili hamliandiki?

Na si mafuta peke yake, maji ya ardhini ni hivyo hivyo. Saudi Arabia walivuta maji ya kale jangwani wakalima ngano mpaka wakawa wanauza nje, 2008 wakaamua kuiacha kidogo kidogo kwa sababu ya maji, 2016 ununuzi wa ngano ya ndani ukasimamishwa. Mtu akisema visima vya maji vinazidi kuwa virefu anaambiwa chimba zaidi. Ni masikio yale yale!

Ninachoomba ni kitu kidogo. Kila mkiandika ugunduzi wa mafuta, pembeni ya idadi ya mapipa wekeni mabano, ndani yake muandike dunia itayamaliza kwa siku ngapi. Muweke kwenye kichwa cha habari, si aya ya mwisho, kwa sababu shemeji yangu hafiki aya ya mwisho.

Msomaji wenu wa siku nyingi