Kura za makocha ziwekwe wazi kila wiki

Mhariri,

Naandika kuhusu upangaji wa timu bora za futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu. Mwaka 2023 Florida State ilishinda mechi zake zote 13 na kutwaa ubingwa wa ligi ya ACC, lakini kamati inayochagua timu za mchujo wa kutafuta bingwa wa taifa iliiacha nje ya timu nne na kuichukua Alabama, iliyokuwa imepoteza mechi moja, kwa hoja kwamba mchezaji tegemeo wa Florida State alikuwa ameumia. Hiyo ilikuwa dhuluma kwa vijana walioshinda uwanjani.

Upendeleo huanza mapema: orodha za kwanza za timu bora, ikiwemo ile inayotokana na kura za makocha, hutolewa Agosti, kabla ya timu kupimana, na timu yenye jina kubwa hushuka kwa shida. Napendekeza zisitolewe kabla ya Oktoba, na kura za makocha, ambao huzipigia kura hata timu zao wenyewe, zichapishwe kila wiki.

Msomaji wenu