Mwaju, usinicheke, nimepata 23

Mwaju shosti wangu,

Mambo? Mama mpe shikamoo yangu, mwambie ile kanga yake nimeigeuza blanketi la pili, baridi ya Njombe hii usiombe. Najua umenuna. Meseji yako ya "umefika?" nimeiona juzi, umetuma Julai, sa hivi Septemba. Nimefika shosti, nimefika. Simu haziruhusiwi shuleni, hii ni ya mjomba hapa Makambako, tumefunga wiki moja tu na baba kasema nauli ya kuja Tanga kula pweza siku tatu hana. Mjomba naye kanipa mpaka taarifa ya habari, ikianza anaitaka simu yake, sijui simu na tivii vinahusiana nini.

Ngoja niseme kabla aibu haijanirudia. Fizikia nimepata 23. Kwa mia. Mimi, niliyekuwa namfundisha Hamisi vioo na lenzi pale chini ya mwembe kama nimeajiriwa! Na huku kidato cha tano mizani ya alama yenyewe sio ile, kule kidato cha nne 45 ilikuwa C yako safi unaenda kula mihogo, huku 45 ni E. A ilikuwa inaanza 75, huku 80. S yenyewe, ile ya mwisho kabla ya kufeli, inaanza 35, kwa hiyo 23 yangu haijagusa hata S, ni F ya kulala chali.

Sasa ingekuwa imeishia hapo ningevumilia. Tatizo karatasi. Unakumbuka ile karatasi niliyoandika kwenu siku ya kufunga tranka, na kalamu nyekundu ya kaka Idi, MALENGO YANGU? Wani ya 3 (divisheni wani, masomo yote matatu A), kuamka saa 9 usiku, kurasa 40 kila siku, kuacha kusengenya. Ulinicheka nikakwambia subiri uone. Basi nikaibandika ndani ya mfuniko wa tranka. Mwaju, tranka la bweni si la mtu mmoja. Sukari yangu iko mle, kila anayekuja kuomba sukari anafunua mfuniko anasoma. Wiki ya pili bweni zima wananiita Wani ya Tatu. "Wani ya Tatu, tusaidie ndoo." Mpaka metroni. Halafu matokeo ya testi yakabandikwa na namba zetu ubaoni, nikasikia mtu huko nyuma, "eeh, Wani ya Tatu kaanza na ishirini na tatu." Nilicheka nao nikaenda kulia chooni, na choo chenyewe maji hamna, hata kulia vizuri huwezi.

Hiyo saa 9 usiku nimeamka siku tatu. Ya kwanza nilisoma kweli. Ya pili nilisoma ukurasa mmoja mara sita. Ya tatu tochi imewaka hadi betri zikaisha mimi nimelala juu ya daftari, asubuhi kipindi cha Kemia nikadondosha kichwa kwenye dawati, paa! Mwalimu akasema mwamsheni huyo anywe maji. Kurasa 40 ndo usiniulize, nilikuwa nafunua tu kama mtu anahesabu hela.

Af kuna ya prakitiko, hii lazima nikusimulie hata mjomba akija. Tumepewa uzi, jiwe dogo na stopuwochi, unaliachia libembee, unahesabu 20, unaandika muda, mwisho utafute g, ule mvuto wa dunia. We ulikimbilia HGL, Historia, Jiografia na Kiingereza, ila hii unaikumbuka, inatakiwa ije 9.8 hivi. Mimi imekuja 39. Nimerudia, 39. Mwalimu akaishika karatasi yangu akaitazama akasema binti, hata Jupita haifiki huko, umetokea sayari gani? Kwa hesabu zangu mimi hapa shuleni kijiko kikidondoka kinatoboa sakafu. Kumbe kosa dogo tu: jiwe likienda na kurudi ndo moja, mimi likienda nasema moja, likirudi nasema mbili. Muda ukawa nusu, na kwenye fomula unagawanya kwa muda uliopigwa skweya, kwa hiyo jibu likawa mara nne. Nilivyoelewa hapo ndo nikafurahi Mwaju, nakwambia ukweli, siku hiyo nilifurahi kuliko ningepata 9.8 kwa kubahatisha. Sijui kwa nini.

Aliyenionyesha ni dada Neema wa fomu siksi, analala kitanda cha juu yangu. Hajawahi kuniita Wani ya Tatu. Aliisoma ile karatasi akauliza swali moja: haya, leo Jumanne prepo ya saa 1, kujisomea usiku, unafanya nini? Nikasema nasoma Fizikia. Akasema Fizikia ipi? Nikakaa kimya. Basi nimeibandua, sijaichana, nimeigeuza, nyuma nimeandika kwa penseli: maswali matatu ya Fizikia kila prepo bila kuchungulia jibu, lililonishinda namfuata mtu siku hiyohiyo, saa 5 nalala. Lile la kuacha kusengenya nimeliweka pembeni kwanza, siwezi yote kwa mpigo. Wiki tatu sasa. Kuna siku nimefanya moja. Siku ya umeme kukatika sifuri. Lakini ule mpira unaorushwa juu unatua wapi, nauweza sasa, niamshe hata usiku.

Ila wani ya 3 nifanyeje nayo? Maana tukisema miaka miwili tunajidanganya, nimehesabu, Julai mpaka Mei ya pepa ni miezi 22, na humo toa likizo. Mwalimu wa taaluma kasema anayetaka kuhama kombi, yaani mchepuo wa masomo, mwisho Ijumaa tukirudi. Wawili wa bweni letu wanahamia CBG, Kemia, Biolojia na Jiografia, wananivuta, wanasema Jiografia ni ya kupumulia. Na mimi Jiografia nilikuwa na A. Lakini nikiondoka PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, udaktari ndo kwaheri, na bibi keshaanza kuniita daktari, kabla sijasafiri alinionyesha goti. Goti lenyewe nimeliangalia nikasema "hmm". Kuna muda nawaza ninang'ang'ania kwa sababu ya bibi, au kwa sababu ya ile karatasi nisichekwe, au... aah.

Sikia, naomba kitu. Madesa ya kaka Idi, zile noti zake za BAM (hesabu) na za Fizikia, yako kwenye boksi la viatu chini ya kitanda chake, yale ya kava ya bluu, muombe kwa adabu, usimwambie ni yangu mpaka akubali. Funga vizuri, mpe konda wa basi la huku mpaka Makambako, andika namba ya mjomba, hii hii. Yakifika kabla ya Jumapili naondoka nayo.

Na we huko HGL vipi? Kulala kwenu kila siku kunasaidia au ndo unatumwa dukani katikati ya insha? Bado unataka sheria? Hamisi kaenda chuo kweli au maneno ya mtaani? Malengo yako uliandika wapi, au ulinicheka wewe huna? Na ungekuwa mimi, Ijumaa ungeenda ofisini kwa taaluma au ungebaki? Usinijibu "fuata moyo wako", nakujua.

Mjomba anakohoa sebuleni, taarifa inaanza. 23 bibi asiisikie.

Rehe wako