Shukrani kwa aliyelipa karo ya mwanangu

Ndugu, dada, mzee, sijui nikuite nani. Asante. Erokamano.

Juzi nilienda shuleni kuomba muda. Mhasibu akanisukumia risiti: salio lote limelipwa kupitia benki. Pale kwenye jina la mlipaji pameandikwa "mzazi". Mzazi mwenyewe ni mimi, na siku hiyo mkobani nilikuwa na nauli ya kurudi Kondele tu.

Wengi hudhani sekondari ni bure. Ni kweli, mpango wa serikali ya Kenya wa mwaka 2018 uliweka shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, lakini hizo ni za masomo. Bweni na chakula ni juu ya mzazi. Sasa kila Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa ziwani ili samaki wazaane, na sisi wauzaji tunakaza mshipi wakati huohuo shule inadai.

Huku kwetu tumezoea wafadhili wa kipaza sauti: hundi kubwa, picha, halafu ahadi nyingine hazifiki (wacha ninyamaze). Wewe hukutaka hata salamu. Umenifanya niongee na mwalimu mkuu bila kuinamisha kichwa, na kijana yuko darasani akijiandaa kwa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari.

Kama hupita soko la Kibuye hapa Kisumu siku za Jumapili, mimi niko upande wa omena. Siku hizi kila mteja namwongezea kidogo juu ya kipimo, maana huenda ni wewe.